Nyatiti Haikujichonga

Mjomba aliishi nasi Umoja enzi zile akifanya kazi Industrial Area, na nyatiti yake iliishi ukutani, juu ya redio. Kwangu ilikuwa kitu cha wanaume, kama wembe wa babangu. Usiguse. Mamangu hakuwa mkali kwa mambo mengi, lakini hapo hakuwa na mchezo: mtoto wa kike hashiki nyatiti, basi. Jumapili jioni mjomba aliishusha, akaketi kwenye kistuli kifupi, akafunga njuga mguuni, akavaa pete ya chuma kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kulia, na sebule yetu ya futi 10 kwa 10 ikawa kubwa ghafla. Alipomaliza, ilirudi juu ya redio. Mimi nikabaki nikitazama yale matundu mawili kwenye ngozi, nikidhani ni macho.

Mjomba alifariki. Hakuna binamu aliyeitaka. Ikabaki pale ukutani, vumbi juu yake, mpaka mwaka jana nilipomwonyesha mamangu video ya Anyango, yule Mjapani ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eriko Mukoyama, aliyekuja hadi Siaya kujifunza nyatiti na ambaye hutajwa kama mwanamke wa kwanza kuipiga kitaaluma. Mamangu alitazama mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akaniambia, "Kama mtoto wa wenyewe ametoka Japani kuishika, wewe umekatazwa na nani?" Mazee, ilibidi mtu avuke bahari ndipo mimi niruhusiwe kuteremsha kitu kilichokuwa nyumbani kwetu.

Nilipoifikisha kwenye keja yangu Roysambu, niligundua ilikuwa imekufa. Nyuzi 3 kati ya 8 zilikuwa zimekatika. Ngozi ilikuwa imelegea, na ufa wenye urefu wa kidole ulipita kwenye bakuli la mti. Rafiki yangu mmoja, prodyusa, alikuwa ameshaniambia anaitaka kwa wimbo anaorekodi, kwa hivyo nikapiga simu nyumbani. "Nani alimtengenezea mjomba hii nyatiti?" Mamangu hakujua. Shangazi hakujua. Mabinamu ndio kabisa. Walizijua nyimbo za mjomba, walikumbuka alipiga kwenye matanga ya nani na mwaka gani, na nani alizimia akisikiliza. Lakini fundi? Kimya.

Makala haya yametoka kwenye kimya hicho. Nimeandika kuhusu muziki kwa miaka kadhaa sasa, na nimesoma karibu kila kitu ambacho wenzangu wameandika kuhusu ala za asili zilizorudi jukwaani Nairobi. Sote tunafanya kosa moja. Tunasikiliza nyatiti kana kwamba ilijichonga. Tunamjua mpigaji, tunamjua prodyusa, tunamtaja hata aliyepiga picha ya jalada. Aliyekaa na gogo na tezo wiki nzima hatumtaji, na hatumuulizi. Hili si suala la adabu tu. Kwa sababu hatumjui fundi, kuna mambo ndani ya wimbo ambayo hatuyasikii.

Tuchukue wimbo unaoujua. "Kothbiro" ya Ayub Ogada. Hata kama jina halikukai, sauti unaijua. Imo kwenye albamu yake *En Mana Kuoyo* ya 1993, iliyotolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel, baada ya Ogada kuonekana akipiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi kule London. Mwaka 2005 ikasikika ndani ya filamu *The Constant Gardener*. Mwaka 2018 Kanye West akatumia kipande cha rekodi ya zamani ya wimbo huohuo, ya bendi ya Black Savage, kwenye "Yikes", na majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada yakaandikwa kwenye orodha ya watunzi. Ogada alifariki 2019, na wiki hiyo kila msee alikuwa na kitu cha kusema kumhusu.

Mimi pia niliandika. Nilirudi kuyasoma maneno yangu juzi, na nikaona haya. Nilitumia "roho" mara 4. Nilitumia "mababu". Nilisema nyatiti "inalia". Hakuna mahali nilipouliza kwa nini inalia hivyo. Ile sauti ni laini, ya karibu, kama mtu anayekuongelesha ukiwa umelala. Ya mjomba haikuwa hivyo. Ya mjomba ilinguruma, ilikwaruza, ilikuwa na nyuki ndani yake. Ni ala moja, nyuzi ni 8 na kabila ni moja. Kwani tofauti inatoka wapi? Kwenye mikono ya mpigaji, ningesema zamani. Sasa najua hiyo ni nusu ya jibu.

Nilichukua basi la usiku hadi Kisumu, kisha matatu kuelekea upande wa Siaya, nyatiti ikiwa mapajani imefungwa kwa leso ya mamangu. Dholuo yangu ni ya kuomba maji na kusalimia, kwa hivyo mzungumzo wetu mwingi ulikuwa Kiswahili. Fundi niliyeelekezwa kwake ni mzee wa miaka 70 na kitu. Mimi namwita kwaro, yaani babu, na yeye ananiita nyakwara, mjukuu wangu. Jina lake siliandiki hapa, na sababu ni yake mwenyewe. Nitaifikia.

Hakuuliza habari za Nairobi. Alifungua leso, akaweka sikio karibu na bakuli, akaanza kuligonga kwa kifundo cha kidole, hapa, kisha hapa, kisha kule, kama daktari anavyogonga kifua. "Huyu aliyeichonga," akasema, "upande huu alikuwa na haraka." Akanipa niguse ndani kupitia kwenye tundu la ngozi. Kweli, upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Mwanamume ambaye familia yetu nzima haikumjua alikuwa ameniachia alama ya siku yake mbaya, na imekaa pale miaka 40.

Bakuli la nyatiti huchongwa kutoka kwa kipande kimoja cha gogo. Haligundishwi kwa vipande kama gitaa. Kwaro anapenda mti wa mkuyu, kwa sababu ni mwepesi na haupingani na tezo. Lakini kuupata mti ni mwanzo tu. Mti mbichi ukiuchonga leo, kesho unapasuka, kwa hivyo anauweka kivulini, mbali na upepo mkali, na anasubiri. Akishaanza kuchimba, kila pigo la tezo linamkaribisha kwenye uamuzi ambao hauwezi kurudishwa. Bakuli likibaki nene, ala itakuwa imara na bubu. Likiwa jembamba sana, itapaza sauti msimu mmoja halafu itapasuka. "Unachonga mpaka uogope," aliniambia, "halafu unachonga kidogo tena."

Mimi nimesoma vitabu vya nadharia ya fasihi kuhusu umbo na maudhui. Sijakutana na maelezo bora ya kazi ya msanii kuliko hayo.

Kisha ngozi. Ni ya ng'ombe, hulowekwa mpaka inakuwa kama nguo iliyotoka kufuliwa, huvutwa juu ya mdomo wa bakuli ikiwa bado imelowa, na kufungwa kwa nguvu. Hapo fundi anaachia jua kazi. Ngozi inapokauka inajivuta yenyewe, na siku ya tatu au ya nne ukiigonga inakujibu. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ya wavuvi, na ziwa halipo mbali, kwa hivyo haikosekani. Juu, kwenye mti unaokingama kati ya mikono miwili ya ala, kila uzi umezungushwa kwenye pete ya kitambaa. Hakuna skrubu. Unapotaka kupandisha sauti, unaikaza ile pete kwa vidole, unasikiliza, unaikaza tena. Wazee husema nyuzi 4 ni za siku 4 za mtoto wa kiume anapozaliwa, na nyingine 4 ni za siku 4 za kumwomboleza mwanamume. Kwaro aliniambia hayo kisha akacheka. "Na wewe sasa tutakuhesabia ngapi?"

Lakini kilichonifanya niandike makala haya ni daraja. Daraja ni kile kipande kidogo kinachokaa juu ya ngozi na kubeba nyuzi zote. La mjomba lilikuwa limeanguka zamani, na mtu fulani, labda mjomba mwenyewe, alikuwa ameweka kijiti. Kwaro alikitoa na kukitupa bila hata kukiangalia. Akachukua vipande vya mabua ya mafunjo, akavigandisha kwa nta ya nyuki, akavipanga juu ya ngozi, akatandika nyuzi. Akapiga uzi mnene. Ule mkwaruzo ukatoka, nyuki wote wa sebule ya Umoja wakaamka, na mimi nikashika mdomo.

Siku zote nilidhani ule mkwaruzo ulikuwa uzee, yaani kitu kimelegea mahali. Kumbe hutengenezwa. Kwaro alisogeza nta kwa ukucha, kidogo tu, mkwaruzo ukaongezeka. Akairudisha, ukapungua. Alikuwa akichagua kiasi cha nyuki, kama mpishi anavyochagua kiasi cha pilipili. Kila mpigaji anayemjia ana kiasi chake, na wengine huja na wimbo mkononi: piga huu kwanza, halafu nitakuwekea daraja.

Basi nikamtolea simu na kumchezea "Kothbiro". Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilitarajia aseme kitu kuhusu sauti ya Ogada, kwa sababu sisi sote huanzia hapo. Alichosema ni hiki: "Ngozi imekauka vizuri. Hapo alipokuwa, mvua ilikuwa mbali."

Nilimuuliza anamaanisha nini. Akanieleza kitu ambacho kila mpigaji anakijua na ambacho mimi, mkosoaji, sikuwa nimewahi kukifikiria. Hewa ikiwa na unyevu, ngozi inalegea. Sauti inashuka, nyuzi za chini zinakuwa matope, na mpigaji analazimika kuisogeza ala karibu na moto au kuianika. Nyatiti huijua mvua kabla ya mtu.

Sasa rudi kwenye wimbo. "Kothbiro" maana yake ni mvua inakuja. Maneno yake yanahimiza ng'ombe warudishwe nyumbani kabla haijanyesha. Wimbo unaotaka ng'ombe wawahi mvua unapigwa juu ya ngozi ya ng'ombe, na ngozi hiyo mvua ikiipata, wimbo wenyewe unanyamaza. Onyo lililo kwenye maneno liko pia kwenye kitu kinachobeba maneno. Nimeusikiliza wimbo huu labda mara 500. Sikuwahi kuusikia hivyo mpaka fundi alipofumba macho na kuisikiliza ngozi.

Na usinielewe vibaya, sisemi Ogada aliupanga hivyo. Sijui, na sihitaji kujua. Nasema maana hiyo imo, iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaza ngozi, na sisi tunaolipwa kusikiliza tumepita juu yake miaka yote hii tukiandika "roho" mara 4.

Kuna watakaoniambia haya yameshachunguzwa. Ni kweli. Washington Omondi, mmoja wa wanamuziki waliokuwa kwenye kamati iliyoandaa wimbo wetu wa taifa 1963, alifanya utafiti wa kina kuhusu thum, na ni vizuri ujue kwamba katika Dholuo neno hilo thum ni la ala na ni la muziki pia. Lugha yenyewe haikutenganisha kitu na sauti yake. Wasomi wamefanya sehemu yao. Ninaowalaumu ni sisi wa magazeti, wa mitandao, wa podikasti, tunaowafikishia watu muziki huu ukiwa umeshavuliwa mti na ngozi.

Tumezoea kusimulia kwamba nyatiti ilizaa benga, kwamba wapiga gitaa wa miaka ya 1950 na 1960 walichukua mdundo wa nyuzi 8 na kuuhamishia kwenye gitaa, mpaka tukapata watu kama D.O. Misiani na Shirati Jazz. Ni hadithi nzuri na ni ya kweli. Lakini iangalie kutoka upande wa fundi. Wimbo ulihama, mpigaji akahama nao, akaja Nairobi na Kisumu, akarekodi. Gitaa lilitoka kiwandani. Aliyebaki kijijini na tezo yake ni fundi, na kila tukisherehekea ule uhamisho hatuhesabu nani hakupanda basi. Jirani zetu wana hadithi hiyohiyo. Waliochonga obokano ya Wagusii, ile kubwa yenye sauti nzito, waliochonga litungu ya Wabukusu, waliochonga chepkong'o ya Wakipsigis, wote walibaki upande uleule wa barabara.

Wengine walibaki wakachonga vitu vingine. Na hapa nataka kuwa muungwana, kwa sababu ni rahisi sana kwa mtu wa Nairobi kudharau zile nyatiti za mapambo zinazouzwa kwa watalii. Mimi mwenyewe nilinunua moja kabla ya kwenda Siaya, nikidhani nitatoa vipuri. Ilikuwa na rangi nyekundu na nyeusi, simba amechorwa pembeni. Bakuli lilikuwa limechimbwa inchi 2 tu, ngozi imebandikwa kwa gundi, nyuzi zimefungwa kwenye misumari. Haikuwa na sauti hata ya kudanganya. Nilimpelekea kwaro kama ushahidi wa uovu wa dunia. Akaigeuza, akaangalia chini, akaniambia, "Hii kazi si mbaya. Mimi nazichonga hizi."

Nilinyamaza. Yeye akaendelea kwa utulivu. Nyatiti ya kupigwa inamchukua wiki kadhaa ukihesabu kungoja mti na ngozi. Ya ukutani anaimaliza kwa siku 2, na mnunuzi haji kulalamika kwamba haiimbi. Wanaotaka ya kupigwa ni wapigaji wachache, na shule zinapojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lile lililoanza 1927 na bado linawatoa jasho walimu wetu. Karo haingoji tamasha. Kwa hivyo anachonga simba. "Wewe," akaniuliza, "umenunua nyatiti ngapi maisha yako?" Jibu lilikuwa moja, na ilikuwa ile ya simba.

Tunapenda neno "kuhifadhi". Tunalitumia kwenye maombi ya ufadhili na kwenye hotuba. Lakini nyatiti haihifadhiki kama jiwe. Ukiiweka kwenye kabati la kioo, ngozi inakauka kupita kiasi na nta inadondoka, na baada ya miaka michache una sanamu ya nyatiti. Inaishi kwa kupigwa, na kwa kurudishwa kwa fundi inapoumwa. Ujuzi wa kwaro vilevile. Kila akichonga simba 5 kwa kila nyatiti 1 ya kweli, mkono wake unajifunza simba. Alinieleza hivyo mwenyewe, bila kujihurumia: zamani alisikia bakuli linapotosha, siku hizi inabidi asimame na aligonge mara mbili.

Alinitoza pesa kidogo kuliko bei ya viatu nilivyokuwa nimevaa. Niliongeza. Akahesabu, akarudisha noti moja, akasema hiyo ni ya nauli.

Nilirudi Nairobi na nyatiti hai, tukaingia studio. Sasa ninalazimika kujisema mwenyewe. Rafiki yangu prodyusa alisikiliza rekodi ya kwanza na kukunja uso. "Kuna kelele kwenye besi. Ule mkwaruzo. Nautoa?" Nilijua mkwaruzo ni nini. Nilikuwa nimeuona ukitengenezwa kwa ukucha wiki moja kabla. Na bado nikasema sawa, utoe, kwa sababu ilikuwa saa 4 usiku, studio inalipiwa kwa saa, na yeye ana masikio kuliko mimi. Akautoa. Wimbo ukawa safi na mtamu. Tukapongezana.

Kesho yake nikausikiliza kwenye matatu, na ilinichukua vituo vitatu kuelewa kilichonisumbua. Ingeweza kuwa kinubi chochote. Ingeweza kuwa mojawapo ya zile sauti zilizorekodiwa tayari ambazo prodyusa yeyote duniani anazinunua mtandaoni usiku na kuzibandika. Tulikuwa tumesafiri hadi Siaya kuleta kitu kimoja, kisha tukakifuta. Aliyechonga kwa haraka upande mmoja, kwaro na nta yake, mjomba na sebule ya Umoja, wote tuliwaita kelele.

Ndipo nikaelewa pia kwa nini masikio yetu yako hivi. Nyatiti ambayo wengi wa rika langu wameisikia kwanza ni ya Ogada, na rekodi ile ni ya upole. Ni chaguo halali, na zuri. Lakini limegeuka kipimo. Tunapokutana na nyatiti inayonguruma, tunadhani imeharibika, au haikurekodiwa vizuri, au ni ya kishamba. Wimbo mmoja mzuri umetufundisha kutozisikia nyingine, na wakosoaji hatukuwaambia watu kwamba kuna zaidi ya daraja moja. Hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa.

Nilimpigia prodyusa. Hatukuelewana mara moja. Hoja yake ilikuwa na uzito: watu wanasikiliza kwa spika za simu, na kwenye spika ya simu mkwaruzo unasikika kama spika imepasuka. Nikamwambia basi watashtuka, watauliza. Akasema wasipouliza? Tulizungusha maneno siku 2. Mwishowe alirudisha nyuki, si wote, karibu nusu. Nilitaka wote. Bado nawataka wote. Lakini wimbo utatoka na nusu, na nadhani kwaro, anayepima kwa ukucha, angetuelewa kuliko mimi ninavyojielewa.

Kuhusu jina. Nilipomwomba ruhusa ya kumtaja kwenye makala, alikataa. Alisema haoni faida ya jina lake kukaa kwenye maandishi ya mtu ambaye hajui hata kukaza uzi. "Liweke pale kazi inaposikika." Kwa hivyo nimefanya hivyo. Wimbo ukitoka, kwenye orodha ya walioshiriki, baada ya mwimbaji, kabla ya prodyusa, kuna mstari unaosema nyatiti ilitengenezwa upya na nani, na wapi. Chini yake kuna mstari mwingine, wa aliyeichonga mara ya kwanza. Huo tumeandika tu: fundi wa mjomba.

Ninaomba vitu viwili, na si vikubwa. Msanii, unapotoa wimbo wenye nyatiti, orutu, litungu au chochote kilichochongwa kwa mkono, andika jina la aliyekichonga, na umlipe bei ya kitu kinachoimba, si bei ya simba. Mwandishi mwenzangu, kabla hujaandika "inalia", piga simu moja uulize imelizwa na nini. Jina bila pesa ni plaki tu, najua. Lakini hakuna anayemlipa fundi asiyejua kwamba yupo.

Juzi usiku mawingu yalifunga juu ya Roysambu. Nilikuwa nikijaribu kukaza pete ya uzi wa sita, nao ukawa unashuka, nikakaza, ukashuka tena, nikailaumu mikono yangu. Kisha nikaweka kiganja kwenye ngozi. Ilikuwa imeanza kulegea. Nilitoa nguo kwenye kamba ya nje, nikafunga dirisha, nikawasha jiko, nikaiweka nyatiti upande wa pili wa chumba ambako joto linafika bila kuunguza. Mvua ilianza dakika 20 baadaye.